Uzi: Mkanda wa kifuani, wa mkono au saa? Tusaidiane kuchagua kipimo cha mapigo ya moyo cha mazoezini

MzeeWaKilomita

Wakuu, habari za humu ndani. Natafuta kifaa cha kupimia mapigo ya moyo wakati wa mazoezi. Matumizi ni mbio za barabarani siku nne kwa wiki, gym mara mbili (vyuma na mashine ya kukimbilia), na baiskeli wikiendi. Simu ni Android, saa ya michezo sina. Bajeti ni dola 30 hadi 100 kabla ya usafiri. Nianze na kipi, na kipi nikikwepe?

FundiSensa

Mkuu, chapa weka pembeni kwanza. Sokoni kuna njia mbili tu za kupima.

Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe. Kila moyo unapopiga hutoa umeme mdogo unaofika hadi kwenye ngozi, na zile sehemu mbili nyeusi za mpira upande wa ndani wa mkanda zinaunasa. Saa na mikanda ya mkono inatumia mwanga, mara nyingi wa kijani. Damu inafyonza kijani, kwa hiyo mshipa ukijaa kwa pigo, mwanga unaorudi unapungua, na ukitulia unaongezeka. Kifaa kinahesabu hayo mawimbi.

Sasa, mkono ukitikisika damu nayo inachezacheza, na saa ikilegea mwanga wa nje unaingia. Kifaa kinalazimika kukisia ni wimbi lipi la moyo na lipi la mtikisiko. Kwenye mbio hapo ndipo balaa linapoanza: mkimbiaji anapiga hatua 165 hadi 180 kwa dakika, na moyo unaofanya kazi kubwa nao unaweza kuwa humo humo. Saa inashika hatua ikidhani ni mapigo. Ukiona mbio nyepesi kabisa zimekuonyesha 172 tangu dakika ya pili na mstari umenyooka kama rula, hayo si mapigo, ni miguu yako.

Kwa matumizi uliyotaja: mbio na baiskeli, mkanda wa kifuani. Vyuma, mkanda wa kifuani au wa mkono wa juu. Saa ya mkononi kwa vyuma ni kupoteza pesa kama lengo ni mapigo. Ukikamata nondo kwa nguvu na kukunja kiganja, misuli na mishipa ya pale chini ya saa inakazana na damu inapungua, saa inabaki na namba ya dakika iliyopita. Kettlebell ndiyo mbaya zaidi, maana chuma chenyewe kinakaa juu ya saa.

KochaMteremko

Naongezea la kuchelewa, maana watu wengi wanalaumu kifaa kwa kosa la mwili. Ukianza kukimbia kwa kasi, moyo wenyewe unachukua muda kupanda, kati ya nusu dakika na dakika moja na nusu kufika pale unapostahili. Kwa hiyo intavali (vipande vya kukimbia kwa kasi na kupumzika) za mita 200 haziongozwi na mapigo hata uwe na mkanda wa bei gani. Unamaliza kipande kabla moyo haujafika. Tumia saa ya kawaida na hisia. Mapigo yanaanza kusema kitu kwenye vipande vya dakika 3 kwenda juu.

Saa za mwanga zinaongeza ucheleweshaji wao juu ya huo, kwa sababu zinachukua wastani wa sekunde kadhaa ili kusafisha mtikisiko. Matokeo yake, kwenye vipande vifupi kilele kinaonekana wakati tayari umeshaanza kupumzika.

DadaPedali

Nina swali ambalo naona linakwepwa. Hivi hizi taa za kijani zinafanya kazi sawasawa kwenye ngozi nyeusi? Maana matangazo yote yana mkono mweupe.

FundiSensa

Swali la msingi, dada. Melanini inafyonza mwanga wa kijani kuliko mwekundu, hiyo ni fizikia na haina ubishi. Kwa ngozi yenye melanini nyingi, mwanga unaorudi kwenye kifaa ni mdogo, na kifaa kizuri kinafidia kwa kuongeza ukali wa taa, jambo linalokula betri zaidi. Kifaa cha ovyo hakifidii vya kutosha.

Je, hiyo inaleta kosa kubwa? Utafiti wa mwaka 2020 uliochapishwa kwenye jarida la npj Digital Medicine ulilinganisha saa kadhaa kwa watu wa rangi tofauti za ngozi. Haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi, ila ulikuta tofauti kubwa kati ya kifaa na kifaa, na makosa mengi zaidi mtu akiwa kwenye mwendo kuliko akiwa ametulia. Wengine wamepata majibu tofauti, mjadala haujafungwa. Kwa upande wa kununua, jibu ni hili: ukiwa na wasiwasi nenda mkanda wa kifuani, ambao haujali rangi ya ngozi hata kidogo. Ukitaka mwanga, uvae mkono wa juu, penye nyama na mtikisiko mdogo. Na kama kuna chale au tatuu yenye wino mweusi chini ya taa, hamisha mkono, wino unaziba.

Nahodha_wa_Gym

Tuje kwenye bidhaa sasa. Bei ni za Marekani, za takriban, bila usafiri wala ushuru:

Polar H10, karibu dola 100. Betri ya CR2025, kampuni inasema inadumu kwa saa 400 za matumizi. Bluetooth kwa vifaa viwili kwa wakati mmoja, ANT+ (njia nyingine ya kutuma mapigo bila waya), na masafa ya zamani ya 5 kHz. Ina kumbukumbu ya ndani ya zoezi moja, unaweza kuacha simu nyumbani.

Polar H9, karibu dola 70. Kwa mbio za kawaida ni ile ile, ila Bluetooth ni ya kifaa kimoja, kumbukumbu haina, na mkanda wake wa kitambaa ni wa daraja la chini kidogo.

Garmin HRM-Dual, karibu dola 70. CR2032, Bluetooth na ANT+. Kidude cha sensa kinabanduka, mkanda unabadilishwa. Ile HRM-Pro Plus ni ghali zaidi na inahesabu na mambo ya mwendo wa kukimbia, lakini kidude chake kimeshikamana na mkanda. Kitambaa kikichoka umenunua tatizo.

Wahoo TICKR, karibu dola 50 hadi 60. CR2032, inadumu kwa saa 500 za matumizi kwa maelezo yao.

Coospo H6 au H808S, na Magene H64, karibu dola 30 hadi 40. CR2032, Bluetooth na ANT+. Kidude ni kizuri kuliko bei yake. Kitambaa ndicho kinachochoka mapema.

Mikanda ya mkono: Polar Verity Sense karibu dola 100, na Coospo wana yao ya bei ya chini. Hizi zinachajiwa, hazina kibetri cha kubadilisha.

Kwa bajeti yako, mkuu, Coospo na kitambaa cha akiba au H9. H10 inunue kama unahitaji vifaa viwili kwa mpigo mmoja au kumbukumbu.

MtaaWaTatu

Kwa nini nilipe dola 70 wakati Kariakoo kuna saa za elfu 25 zinazopima mapigo, presha, sukari na stress? 😂

FundiSensa

Ile inayopima sukari kwa mwanga bila kutoboa ngozi iache pale pale mezani kwa muuzaji. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Anayeuza hivyo amekwambia kila kitu kuhusu namba zake nyingine.

MtaaWaTatu

Lakini si kuna jaribio la ndizi? Unaivalisha ndizi saa, ikitoa mapigo ujue ni feki.

FundiSensa

Hapana, jaribio hilo linachekesha lakini halithibitishi kitu. Saa halali kabisa nayo inaweza kutoa namba juu ya ndizi au karatasi ya chooni, kwa sababu inatafuta mawimbi kwenye mwanga unaorudi, na ikilazimishwa itayaokota kwenye kelele. Jaribio la kweli ni la namna hii. Kaa dakika tano, hesabu mapigo ya shingoni kwa vidole viwili kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Linganisha. Kisha panda ngazi kwa haraka dakika mbili, simama, hesabu sekunde 15 mara moja, zidisha mara nne. Usisubiri, maana moyo unashuka haraka sana dakika ya kwanza. Kumbuka pigo moja ulilokosea kwa sekunde 15 ni kosa la mapigo 4, kwa hiyo usigombane na tofauti ya 4 au 5. Saa feki utaiona: inabaki 78 umekaa, 82 umetoka ngazini unahema.

DadaPedali

Na saa bendi za Xiaomi? Hizo si feki.

Nahodha_wa_Gym

Si feki, na kwa kutembea au baiskeli ya taratibu ziko sawa. Mipaka yake miwili ijue. Moja, haipokei mkanda wa kifuani wa nje. Ukitaka kuboresha baadaye hauungi. Mbili, ikikaa legelege imekwisha kazi. Ivae upana wa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, ikaze hadi isitembee ukiutikisa mkono lakini vidole visife ganzi, na ukimaliza ilegeze. Kwenye baridi, asubuhi ya Makete au Limuru, pasha mwili dakika kumi kabla ya kuiamini, maana mishipa ya mkononi inakuwa imejikunja.

Wenye saa tayari waangalie inapokea nini. Garmin nyingi zinapokea ANT+ na mpya zinapokea Bluetooth pia. Polar, Suunto na Apple Watch ni Bluetooth tu. Coros Pace 3 Bluetooth tu. Ndiyo maana mkanda wenye vyote viwili ni bima: ukibadilisha saa, mkanda unabaki.

MzeeWaKilomita

Asanteni sana wakuu. Hiyo ANT+ na Bluetooth, kwa mtu wa simu tu kama mimi, ANT+ ina faida gani?

FundiSensa

Kwa sasa hakuna. Simu nyingi hazina ANT+. Tofauti ni hii: ANT+ ni kama redio, sensa inatangaza na yeyote anasikiliza, saa, kompyuta ya baiskeli na mashine ya gym kwa pamoja. Bluetooth ni kama simu ya mezani, sensa inaongea na kifaa kimoja, au zaidi kidogo kwa baadhi ya mikanda kama H10.

Tatizo namba moja ninaloliona humu, "mkanda haushiki", chanzo chake ni hicho. Watu wanaingia mipangilio ya Bluetooth ya simu na kuunganisha pale. Usifanye hivyo. Fungua programu ya mazoezi, tafuta sensa ukiwa ndani yake. Programu mbili zikiwa wazi, ya kwanza inanyakua mkanda na ya pili haioni kitu. Funga zote, fungua moja. Kwenye Android 11 kurudi nyuma, washa na eneo, yaani location, la sivyo utafutaji wa Bluetooth unarudi mtupu. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vya karibu, ikubali.

Halafu mwili wa binadamu ni maji, na maji yanakula masafa haya. Mkanda uko kifuani na simu iko mfuko wa nyuma wa bukta: mawasiliano yanakatika katika sehemu za wazi zisizo na kuta za kurudisha mawimbi. Hamishia simu mkononi au mbele kiunoni.

MamaTredi

Mimi nataka kusema kuhusu kuvaa, maana wauzaji hawaelezi na wanawake ndio tunaoumia zaidi. Mkanda unakaa chini ya misuli ya kifua, juu kidogo ya ncha ya chini ya mfupa wa katikati. Kwa mwanamke unakaa chini ya ukanda wa sidiria ya michezo, au ukanda wenyewe uubane kwa juu, lakini usiruhusu ukingo wa sidiria uingie kati ya mpira na ngozi. Ukifanya hivyo utapata namba zinazoruka kutoka 130 hadi 210 na kurudi.

Kukaza: vuta mkanda mbele kwa kidole, uweze kuachia na ukarudi kwa nguvu. Ukipumua ndani kabisa usikubane pumzi. Ukiteremka wakati wa burpee au kuruka kamba, punguza sentimita mbili, si tano.

Na jamani, mafuta! Mafuta ya nazi, losheni na Vaseline ni kizuizi cha umeme. Ukijipaka mwili mzima ndipo ukavaa mkanda, usishangae ukisoma 45. Futa sehemu mbili za mpira zinapogusa, kwa kitambaa chenye maji. Vaseline ya kuzuia mchubuko ipake kwenye kingo za mkanda pekee, hasa pale kwenye kishikizo.

FundiSensa

MamaTredi amemaliza. Naongeza maji. Ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, ndiyo maana dakika tano za mwanzo zinakuwa za vituko hadi jasho litoke. Lowesha zile sehemu za mpira kwa maji ya bomba, vijiko viwili vinatosha. Mate yanafanya kazi vizuri kuliko maji kwa sababu yana chumvi, ingawa si kitu cha kufanya mbele za watu. Jeli ya elektrodi ya hospitali ndiyo bora kwa mwenye ngozi kavu sana.

Kuna kituko kingine cha mwanzoni: fulana ya nailoni inayopepea. Kwenye hewa kavu na upepo, kitambaa kinasugua na kutengeneza umeme tuli, mkanda unausoma kama mapigo. Unateremka mlima kwa baiskeli bila kupiga pedali na kifaa kinasema 215. Lowesha fulana mbele au vaa inayobana. Pwani hutaliona hili sana, unyevu wa hewa unalizuia. Nyanda za juu wakati wa kiangazi utaliona.

Pwani_Runner

Jinsi ya kutambua kilichoharibika, kutoka kwa rahisi hadi gharama:

Namba zinaruka dakika tano za kwanza halafu zinatulia: ukavu, lowesha.

Namba ziko chini, nusu ya kawaida, au zinagandia: mkanda umelegea au mafuta, wakati mwingine betri inaelekea kufa. Betri huonyesha asilimia nzuri hadi siku ya mwisho, usiiamini sana.

Namba zinaruka mwanzo hadi mwisho hata baada ya kulowesha na kubadilisha betri: kitambaa kimekufa. Chumvi ya jasho imeingia kwenye nyuzi zinazopitisha umeme, au zimekatika pale kwenye vifungo vya chuma. Hapa ndipo watu wanatupa kidude kizima na kununua kingine, wakati kidude ni kizima. Nunua kitambaa tu. Mikanda mingi ina vifungo viwili vya chuma vya kubofya vyenye nafasi inayofanana, kiasi kwamba kitambaa cha kampuni moja kinaingia kidude cha nyingine. Pima kwa rula kutoka katikati ya kifungo hadi katikati ya kingine kabla ya kuagiza.

Haionekani kabisa kwenye programu: toa betri, subiri sekunde 30, rudisha. Hakikisha upande wa jumlisha unatazama pale mwongozo wa kifaa unapoelekeza.

MzeeWaKilomita

CR2025 na CR2032 si zinaingiliana? Dukani wananiambia ni zile zile.

Pwani_Runner

Haziingiliani. Volti ni 3 zote, upana milimita 20 zote, lakini 2025 ina unene wa milimita 2.5 na 2032 milimita 3.2. Tarakimu mbili za mwisho ndizo unene. Ukilazimisha 2032 kwenye H10 kifuniko hakitakaa na mpira wa kuzuia maji hautabana; jasho likiingia, kwaheri. Na 2025 kwenye mkanda wa 2032 inacheza, mawasiliano yanakatika ukiruka.

Nyingine: baadhi ya betri zimepakwa dawa chungu kuzuia watoto kumeza. Upako huo kwenye baadhi ya vifaa unazuia umeme. Betri mpya ikikataa, futa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuilaumu. Na zilizotumika zifiche mbali na watoto, kibetri hiki kikikwama kooni kinaunguza ndani ya saa chache.

KochaMteremko

Ufuaji nao. Bandua kidude kila baada ya zoezi, kwa sababu mbili. Kwanza, mkanda wenye unyevu unafanya kidude kidhani bado kimevaliwa, kinabaki macho na kumaliza betri. Pili, jasho lililobaki kati ya kifungo na kidude linaleta kutu. Suuza kitambaa kwa maji ya bomba, anika kivulini. Kila baada ya matumizi saba hivi, kifue kwa mkono kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Dawa ya kulainisha nguo marufuku, inaacha utando. Jiki marufuku. Pasi ndiyo usiseme. Usikikamue kwa kukisokota, nyuzi zinakatika.

Kapombe_Eldy

Wadau wa huko, tusisahau namba yenyewe inatumiwaje. Mtu ananunua H10 halafu anapanga zoni zake, yaani viwango vya mapigo vya mazoezi, kwa mapigo ya juu kabisa ya kukadiria: 220 kutoa umri.

DadaPedali

Kwani ina kasoro gani? Saa zote zinatumia hiyo.

Kapombe_Eldy

Ni ya 1971, na ilikuwa makadirio ya haraka. Ile ya Tanaka ya 2001 ni 208 kutoa umri mara 0.7. Kwa umri wa miaka 40 zote zinatoa 180, ndiyo maana watu wanadhani ni sawa. Kwa miaka 25 ya kwanza inasema 195, ya pili 190 na ushee. Kwa miaka 60 ni 160 dhidi ya 166. Na zote mbili ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja anaweza kuwa mapigo 10 juu au chini bila ugonjwa wowote. Zoni zikiwa zimekosewa kwa mapigo 10, mbio zako nyepesi si nyepesi tena.

Njia bora bila maabara ni hii. Pasha mwili dakika 15. Kimbia dakika 30 peke yako, kwa nguvu zote unazoweza kuzihimili kwa muda huo, mwendo usiobadilika. Dakika ya 10 bonyeza kitufe cha mzunguko (lap). Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako. Kikiwa 168, mbio nyepesi zikae chini ya asilimia 85 ya hapo, yaani kama 142. Usifanye jaribio hili juani saa saba mchana, na usilifanye kama una zaidi ya miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda, au una presha, bila kumwona daktari.

Anayetaka kupanga zoni kwa kanuni ya Karvonen: toa mapigo ya kupumzika kwenye ya juu kabisa, chukua asilimia, rudishia ya kupumzika. Juu 185, kupumzika 55, tofauti 130. Asilimia 60 ni 78, jumlisha 55 unapata 133. Asilimia 60 ya kawaida ya 185 ni 111. Tazama pengo hilo. Ndiyo maana watu wawili wanasema "niko zoni ya pili" na hawazungumzii kitu kimoja. Angalia programu yako inatumia ipi.

Pwani_Runner

Na joto. Dar, Mombasa, Muscat, mwendo ule ule unaoanza na 140 unaweza kumaliza saa moja baadaye ukiwa 155 bila kuongeza kasi. Damu inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili, maji yanapungua, kila pigo linasukuma damu kidogo, moyo unafidia kwa kupiga haraka. Mkanda haujaharibika. Kwa anayekimbia kabla ya futari ni zaidi. Usimpe mtu wa Iten namba ya Dar, kule mita 2,400 juu ya bahari mambo ni mengine tena: mapigo yako juu kwa mwendo ule ule, lakini kwa sababu ya uhaba wa oksijeni.

Kapombe_Eldy

Kweli kabisa. Na anayetumia dawa za presha za kundi la beta, kama atenolol au propranolol, zoni hizi zote azitupe. Dawa inashikilia mapigo chini. Apime kwa pumzi: akiweza kuongea sentensi nzima, ni nyepesi.

DadaPedali

Kwa kuogelea?

Nahodha_wa_Gym

Bluetooth na ANT+ hazipiti majini, hata sentimita chache zinakata. Njia ni mbili. Sensa yenye kumbukumbu, inayorekodi na kutuma ukitoka: H10 inaweza, ila kwa mwanamume asiyevaa kitu kifuani inateleza kila unapojisukuma ukutani. Nyingine ni Verity Sense, inakuja na kishikizo cha kuifunga kwenye kamba ya miwani, inasoma pembeni mwa paji la uso. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Masafa ya 5 kHz yanapita majini, lakini upate saa inayoyapokea, na hizo zimebaki chache.

MzeeWaKilomita

Nimeelewa. Nachukua mkanda wa kifuani wa bei ya kati na kitambaa cha akiba. La mwisho wakuu: saizi nachaguaje, na nikipokea nitajuaje si feki?

MamaTredi

Saizi: pima kwa futi ya fundi cherehani pale mkanda unapokaa, si kwenye matiti wala tumboni, ukiwa umetoa pumzi. Linganisha na jedwali la kampuni. Ukiangukia mpakani chukua ndogo. Kitambaa kinalegea kadiri kinavyotumika.

FundiSensa

Kwa Polar, kidude kina namba ya kitambulisho ya herufi na tarakimu nane nyuma yake. Fungua programu, sensa itajitokeza kwa jina na namba. Zisipofanana, rudisha. Kwa chapa nyingine angalia kama programu ya kampuni inakitambua na kukubali kusasisha mfumo wake. Feki nyingi zinakwama hapo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo kifurushi kinapofika, kabla hujalowesha kitambaa, maana muuzaji akiona alama ya jasho harudishi pesa.